Kununua karavani ya mtumba kwa mara ya kwanza: achana na mito mipya, kagua mbao

Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, chumba cha kulala Tandahimba au Newala unakitafuta mpaka miguu inauma. Wanunuzi wapo, madereva wa malori wapo, watu wa maghala wapo, gesti zote zimejaa. Kile chumba chenye feni ya kupiga kelele kinapandishwa bei, na bado unaambiwa uwahi. Mimi nauza chakula, kwangu ni Mikindani, na msimu ukifika naifuata hela iliko. Nikaona nikipata tela dogo lenye kitanda na jiko la plati mbili, nikalivuta kwa pikapu ya mjomba, habari ya gesti itakuwa imekwisha. Nikanunua karavani ya mtumba. Sasa kila ninapoegesha, kuanzia Nanyamba mpaka Masasi, hakosekani mtu wa kuniuliza zinapatikana wapi na nilikagua nini. Namjibu hapa mtu ambaye hajawahi kumiliki hata tela la kubebea kuni.

Huku kusini hakuna yadi ya karavani. Zinapatikana kwa kuulizia. Zipo zilizobaki kwenye kambi za miradi. Miaka ile kabla bomba la gesi la Mtwara mpaka Dar halijakamilika 2015, watu walilala kwenye vyumba vya kila namna, na kambi zilipofungwa vitu vikaingia mikononi mwa watu. Zipo za wageni wanaozunguka Afrika: wamevuka Daraja la Umoja kutoka Msumbiji, gari limewafia, tela limebaki uani kwa mtu. Na zipo za kuagiza, zilizoshukia Dar kutoka Uingereza au Afrika Kusini, kisha mwenyewe akachoka nayo.

Anayeanza namshauri atafute iliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza au Afrika Kusini. Huko magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo mlango wa karavani uko kushoto. Ukiegesha kando ya barabara unashukia kwenye majani. Za Ujerumani na Ufaransa mlango uko kulia. Mtoto akiamka na kufungua mlango anashukia lami, na alfajiri barabarani kuna mabasi ya Dar. Ya Uingereza ina faida nyingine tena: umeme wake ni volti 230 kama wetu, na soketi zake ni zile za pini tatu bapa tulizonazo majumbani. Ya Marekani ni volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wa Tanesco bila kubadili mfumo utaunguza vilivyomo.

Gari kwanza, karavani baadaye

Karavani ina kibati, mara nyingi karibu na mlango au ndani ya kabati la mbele, kimeandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Gari nalo lina kitabu chake, na humo mna uzito ambalo gari linaruhusiwa kuvuta. Linganisha hizo namba mbili kabla ya jambo lolote. Fundi wa kijiweni atakwambia "hii pikapu ina nguvu, mama, inavuta hata nyumba." Kuondoka itaondoka. Muulize itasimamaje ikiteremka Newala.

Waingereza wana kanuni nzuri kwa anayeanza: tela likiwa limepakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Gari la kilo 1,600, basi tela na mizigo yake visipite kilo 1,360. Wala usidanganyike na uzito wa tela likiwa tupu. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiujumlisha na chuma chake ni karibu kilo 30. Weka unga, mchele, sufuria za shughuli na mkaa wa akiba, utaona mzigo unavyopanda bila wewe kujua.

Leseni nayo uwaulize trafiki mapema, kama daraja lako linakuruhusu kuvuta tela la uzito huo. Swali lenyewe ni bure.

Maji

Hapa ndipo pa kutulia.

Karavani nyingi ndogo za zamani zimejengwa hivi: nje bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi, katikati fito za mbao na sponji gumu. Mishono ya kona na ya kuzunguka madirisha imezibwa kwa gundi laini, na gundi hiyo hukauka na kupasuka kwa umri na kwa jua. Maji yakipata upenyo yanaingia kidogo kidogo mpaka yanazifikia fito, na kwa kuwa nje kuna bati, huoni kitu. Tela linang'aa, kumbe mbao ya ndani imekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Matairi yapo madukani Mtwara mjini. Beringi zipo, godoro lipo, pazia utashonewa jioni hiyo hiyo. Fito iliyooza huwezi kwenda kuinunua dukani. Dawa yake ni kubomoa ukuta mzima, na gharama inaweza kupita bei ya tela lenyewe. Ndiyo maana mimi mtu akinisifia mito mipya na zulia jipya, masikio yanaziba. Nataka nione mbao.

Nenda kukagua wakati wa mvua. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili na Mei. Chagua Februari au Machi, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Muuzaji akikwambia usubiri jua litoke, wewe wahi. Na miezi hiyo hela ya korosho imeshakauka mifukoni, kwa hiyo hata bei inazungumzika. Kama ni kiangazi, omba ndoo na ngazi. Mwaga maji taratibu kwenye mishono ya paa na juu ya madirisha, kwa robo saa hivi, halafu ingia ndani na tochi. Mwenye tela zima atakuchotea maji mwenyewe. Mwenye tela bovu ataanza kukueleza habari ya bili ya maji.

Omba mlango na madirisha yawe yamefungwa tangu jana yake. Ukifungua, tanguliza pua. Unyevu unanukia ukungu, harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Ukikuta udi umefukizwa humo saa tatu asubuhi, jiulize anafukiziwa nani.

Kisha toa mito yote nje, fungua kila kabati, inua mbao za kitanda. Kwa dole gumba bonyeza kona za mbele, chini ya madirisha, kuzunguka kidirisha cha paani, na ndani kabisa ya makabati ya juu ambako macho hayafiki. Plaiwudi nzima inakataa. Iliyolowa inabonyea au inatoa mlio wa karatasi. Tazama madoa ya kahawia, ukuta uliovimba, na skrubu zilizolia kutu. Kulikuwa na moja pale Shangani ya Mtwara, nzuri machoni, imepakwa rangi ya krimu ndani yote. Kwenye kona ya mbele kulia pametundikwa kalenda, chini kabisa, usawa wa goti. Nani anasoma kalenda akiwa amechutama? Nikaibandua, nikabonyeza, na dole likazama mpaka kwenye ukucha. Nikamwambia yule baba asante kwa muda wake, nikaenda zangu.

Kipo kifaa cha kupimia unyevu chenye sindano mbili. Maseremala wanaokausha mbao wengine wanacho. Kipimo kikisoma chini ya asilimia 15 hapo ni pakavu. Kati ya 15 na 20 pa kuangaliwa. Kikivuka 20 hapo pana tatizo, na utaje bei ukijua hivyo.

Sakafu ipite kwa visigino, kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki, maana hapo ndipo watu husimama sana. Ikibonyea na kulia, tabaka zake zimeachana. Hilo linatibika kwa kusindiliwa gundi, ila linashusha bei.

Vitabu vya karavani vya Ulaya havitakutajia mchwa. Mimi nakutajia. Tela lililoegeshwa kwenye mchanga wetu miaka, ile miguu minne ya kona ikiwa imeshushwa mpaka ardhini, mchwa wameshapandia hapo. Lala chini na tochi utafute vijia vya udongo kwenye miguu, kwenye magurudumu na kwenye matofali yaliyoegemezwa chasi. Gonga sakafu kwa chini kwa mpini wa bisibisi. Palipoliwa panalia tupu.

Chini ya tela

Ukiwa bado umelala hapo chini, tazama chasi. Upepo wetu wa baharini una chumvi, na tela lililokaa Mikindani au Lindi mjini haliko sawa na lililokaa Nachingwea. Chasi ya kijivu iliyochovywa zinki huvumilia. Iliyopakwa rangi nyeusi juzi, ikwaruze kwa sarafu; ikibanduka maganda mekundu, rangi hiyo umepakiwa wewe.

Matairi usiyapime kwa kashata, yaani meno yake, peke yake. Tela la kulala husimama zaidi kuliko linavyotembea, na tairi lake huzeeka likiwa limesimama juani. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2318, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likipita miaka saba, hesabu unanunua jipya hata kama linaonekana halijatembea. Mipasuko midogo pembeni ni jibu tosha. Na ukinunua jipya, mwambie muuzaji uzito ulio kwenye kibati, asikupe tairi la kigari chepesi kwa sababu tu saizi ya rimu imelingana.

Inua gurudumu moja kwa jeki, na tela liwe limefungwa kwa gari au limezuiwa kwa mawe. Lizungushe kwa mkono usikilize. Mkwaruzo wa mchanga ni beringi. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi aidha imelegea au imekwisha. Hata ukikuta zima, kabla ya safari ya kwanza fundi afungue, asafishe na kupaka grisi mpya. Beringi iliyokauka ikifia njiani kati ya Mnivata na Tandahimba, siku yako imeishia hapo.

Mbele kwenye kichwa cha kufungia kuna jambo watu wengi hawalijui. Kile kibonge cha chuma cha nyuma ya gari, cha kuvutia tela, kipo cha milimita 50 na kipo cha inchi 2, ambacho ni karibu milimita 51. Kwa macho ni kimoja. Kichwa cha tela kilichotengenezewa inchi 2 ukikifunga kwenye kibonge cha milimita 50 kinabaki na nafasi, na nafasi hiyo kwenye mashimo inagonga mpaka ifunguke. Namba imechongwa pande zote mbili; zisome.

Breki za tela dogo nyingi hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kichwa kinaingia ndani na kuvuta breki. Kikiwa kimeganda kwa kutu, huna breki. Vuta hendibreki na mjaribu kulisukuma watu wawili. Likitembea, andika kwenye orodha ya matengenezo. Uwepo pia waya mwembamba wa kufunga kwenye gari, ambao tela likichomoka unavuta breki kabla haujakatika. Wengi wameukata kwa kuona hauna kazi.

Taa zijaribiwe tela likiwa limechomekwa kwenye gari lako wewe. Plagi zina matundu 7 au 13 kutegemea umri, na kuna adapta. Fundi umeme wa magari analimaliza hilo asubuhi moja, lisikunyime usingizi.

Gesi na friji

Gesi yetu ya Msimbati ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Hii ya mtungi ni nzito, inashuka na kutulia sakafuni, huko huko unakolala. Ndiyo maana karavani ina matundu ya hewa chini. Utakuta mwenye tela ameyaziba kwa matambara kuzuia vumbi na mende. Yazibue, uweke wavu.

Mpira wa gesi nunua mpya bila kujadiliana na mtu. Regyuleta iendane na vifaa vya humo ndani. Mgandamizo unaotakiwa huandikwa kwenye kibati cha jiko. Kila kiungo kipake povu la sabuni utazame mapovu. Na usilale jiko likiwaka, hata kama kuna baridi ya Julai ya Newala.

Friji za karavani nyingi zinakubali gesi, betri na umeme wa kawaida. Usikubali kuonyeshwa kitaa kinachowaka. Iwashwe asubuhi, uirudie mchana uweke mkono. Tena lazima tela liwe limesimama sawasawa. Likiinama, friji ya namna hii haigandishi. Kwa joto letu la Desemba, mimi sikuweka samaki humo, nilinunua deli la barafu kama wenzangu wa feri. Friji isikupandishie bei.

Karatasi

Kabla hujatoa hata hela ya kishika uchumba, taka kuona kadi ya usajili. Tela husajiliwa kwa namba yake, halitumii namba ya gari linalolivuta. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye kadi, iliyo kwenye kibati na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Piga picha zote tatu. Kisha mwende TRA wewe na muuzaji mkiwa na kadi, TIN na vitambulisho vya NIDA, muulize kama lina deni na kuhamisha umiliki kutawagharimu kiasi gani. Mkubaliane nani analipa, na muandike.

Zile za kambi za miradi zinataka macho mawili. Vitu vingi vya miradi huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, na kilichoingia kwa msamaha kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Aliyekuuzia atakuwa ameshahamia mkoa mwingine, na tela liko kwako. Za wageni ni hivyo hivyo: lenye namba za nje liliingia kwa muda tu, mpaka forodha ishughulikiwe. "Karatasi zinafuatiliwa" maana yake hazipo.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, mashahidi pande zote, hela ipite benki. Mjomba wangu alikuwa shahidi wangu, na huku kwetu mjomba akikaa kwenye kiti muuzaji anapunguza maneno. Ukitoka hapo, ulizia bima ya tela lenyewe.

Bei haina kipimo cha soko huku, kwa sababu soko lenyewe halipo. Nilichofanya ni kwenda na fundi wangu, nikamlipa siku yake, akaandika: matairi mawili, beringi, mpira wa gesi, kioo kimoja, silikoni ya mishono yote. Tukaweka bei za dukani mbele ya kila kitu, nikampa muuzaji ile karatasi asome mwenyewe. Sikubishana. Alipomaliza kusoma alikohoa, akataja bei nyingine. Fundi asiwe ndugu ya muuzaji, hilo lihakikishe hata kwa kuuliza mtaani.

Kulivuta mpaka nyumbani

Mizigo mizito ikae sakafuni, usawa wa akseli, myepesi ndiyo ikae mbele, nyuma na kwenye makabati ya juu. Mdomo wa tela ukandamize gari kwa kiasi cha asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote. Tela la kilo 1,000 likandamize kilo 50 mpaka 70. Unapima kwa mizani ya kupimia watu: weka kipande cha ubao kati ya mizani na kichwa cha kufungia, tela likiwa limelala sawa. Mdomo ukiwa mwepesi mno, tela linaanza kuyumba nyuma yako. Likiyumba usikanyage breki kwa nguvu wala usishindane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, lipoe lenyewe.

Kurudi nyuma kajifunze uwanjani, siyo mnadani watu wakikutazama. Kwenye miteremko ya Newala shuka kwa gia ndogo tangu juu, kabla breki hazijapata moto.

Safari ya kwanza iwe fupi. Mtwara mpaka Mikindani, simama, peleka mgongo wa kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Vyote viwe na joto linalofanana. Kimoja kikichoma, breki inakamata au beringi inakufa. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50, kwa hiyo ukielekea Lindi simama kabla hujafika Mingoyo ukaze. Spana iwe chini ya kiti cha dereva, si ndani ya karavani chini ya godoro na sufuria zote.